Ratiba na Habari: Juu ya Maandishi ya Safari Fupi, kwa Mfano wa Mponde katika Usambara

Safari ndefu zimepata wahakiki wake katika lugha yetu. Wako waliochunguza misafara ya biashara ya bara, wako waliopima maisha ya Tippu Tip kama alivyoyaeleza mwenyewe, na wako walioandika juu ya habari za mahujaji na mabaharia. Ama safari fupi, ile ya siku mbili au tatu, ambayo mtu huifanya ili autazame mji au kijiji kisichotajwa sana kisha arejee kazini kwake, haikupata mhakiki. Yamkini imedhaniwa kuwa jambo dogo, lisilostahili wino. Hata hivyo ndiyo safari tuifanyayo wengi wetu, na maandishi yaitangazayo ndiyo yasomwayo na vijana wengi kuliko kitabu chochote tuwafundishacho darasani. Kitu kisomwacho na watu wengi kiasi hicho hakifai kuachwa bila ya kupimwa.

Maandishi ya safari ni ya namna mbili. Namna ya kwanza huandikwa kabla ya kuondoka, nayo ni ratiba: siku ya kwanza hapa, siku ya pili pale, nauli kadhaa, malazi kadhaa. Namna ya pili huandikwa baada ya kurejea, nayo ni habari. Wahakiki wamezoea kuipima habari na kuiacha ratiba, kana kwamba ratiba ni karatasi ya karani tu. Mimi naona kinyume chake. Ratiba ni andiko lililojaa maoni, kwa sababu huamua kabla ya wakati ni kitu gani kinastahili kuonwa na kipi chaweza kupitwa. Mtu huona alichopanga kuona. Ratiba ikiwa pofu, habari itakayozaliwa nayo haitakuwa na macho.

Na tutazame mfano. Milima ya Usambara hutangazwa sana siku hizi kwa wageni wa nchi za mbali na kwa wenyeji wa Tanzania pia. Matangazo hayo hufanana kama mapacha. Msomaji huambiwa kwamba Lushoto ina hewa safi, mandhari ya kupendeza, maporomoko ya maji, misitu ya kijani na watu wakarimu. Huelekezwa apande mpaka Irente atazame nyika iliyo chini, apite msitu wa Magamba, na akiwa na siku ya ziada aende Mtae. Sisemi kwamba mambo haya ni uwongo. Irente ni mahali pa ajabu, na mtu asimamaye ukingoni pale akaiona nyika imelala chini yake hasahau. Nasema kwamba lugha yenyewe haina mwenyewe. Ondoa neno Lushoto uweke Morogoro, au Mbeya, au mji wowote wa milimani duniani, na hapana sentensi hata moja itakayolalamika. Maneno yawezayo kuhamishwa hivyo bila ya kupata jeraha hayakushika mizizi mahali popote.

Kasoro za maandishi hayo ni tatu. Ya kwanza, hayana mwenyeji. Watu wametajwa kuwa wakarimu, lakini hapana mtu ambaye ukarimu wake umeelezwa: alitoa nini, alisema nini, alikuwa akifanya nini mgeni alipofika. Ya pili, hayana kazi. Milima ile imelimwa kwa vizazi vingi, na kila ngazi ya mteremko ni jasho la mtu. Lakini katika matangazo shamba limegeuka kuwa rangi ya kijani tu. Ya tatu, yana majina lakini hayana habari ya majina. Lushoto iliitwa Wilhelmstal wakati wa utawala wa Wajerumani, kwa kumtukuza mfalme wao. Na ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara, lipandwalo leo katika vyungu madirishani pa nyumba za Ulaya na Marekani, lilipewa na wataalamu mwaka 1893 jina la Saintpaulia, kwa heshima ya Mjerumani aliyekuwa mtawala huko Tanga. Mgeni asiyeambiwa haya hudhani kwamba majina huota yenyewe kama majani.

Watetezi wa matangazo watajibu kwamba siku mbili hazitoshi kwa mambo makubwa hivyo. Udhuru huo wafaa kujibiwa kwa ushahidi, nao uko. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipita pwani yetu akielekea Kilwa, na katika Mombasa alilala usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Lakini katika kitabu chake, alichokisimulia kwa mwandishi zaidi ya miaka 20 baadaye, twajua kwamba watu wa kisiwa kile hawakulima nafaka ila waliletewa. Kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, imara. Kwamba mlangoni pa misikiti palikuwa na visima vya kina kifupi na chombo cha mti cha kutekea maji. Na kwamba aingiaye aliosha miguu yake na kuipangusa katika mkeka. Aliuliza chakula kinatoka wapi, akatazama watu wanavyotumia maji, akajua wanavyoingia katika nyumba ya ibada. Mambo matatu hayo, kwa usiku mmoja, yametufaa kwa karne karibu saba.

Sasa na tumweke karibu naye msafiri mwingine, katika milima hii hii tuizungumzayo. Februari 1857 Richard Burton na mwenzake Speke walitoka Pangani wakapanda mpaka Vugha, mji mkuu wa Washambaa, kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai. Krapf, mmisionari, alikuwa amekwisha kufika huko mwaka 1848 na mara nyingine 1852. Burton na Speke walikaa muda mfupi mno kisha wakashuka. Kitabu cha Burton kina manufaa yake. Ametaja njia, mito na mazao, na wanahistoria humrejea hata leo. Lakini humtaja mfalme mzee, aliyetazamia apewe dawa ya kumrudishia nguvu zake, kwa mzaha, na watu wake kwa dharau isiyofichwa. Alikuja na mizani aliyoitengeneza kwao, akapima, akaondoka. Muda wa wasafiri wawili hawa ulikaribiana, basi tofauti yao haikutoka katika muda. Ibn Battuta alikuja na maswali aliyotaka kujibiwa na wenyeji. Burton, aghalabu, alikuja na majibu.

Je, maandishi yetu wenyewe ya Kiswahili yatufunza nini? Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyo wa Safari za Wasuaheli. Humo mna habari ya Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia. Miaka 30 na zaidi baadaye Martin Kayamba, Mbondei, mtu wa jirani kabisa na Usambara, alitumwa London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, akaandika kitabu alichokiita Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza. Litazame jina hilo. Lina vitendo viwili, kuona na kufanya, na vyote viwili ni vya wingi. Mwandishi hakujidai kuwa jicho la peke yake. Alikwenda na wenzake, alikwenda kwa haja, na alijua kwamba atarejea kwa watu watakaouliza. Sifa hii ndiyo niipendayo katika nathari yetu ya safari: msafiri hutaja nani alimtuma, nani alimpokea, alilipa nini, alikula nini. Huandika kama mtu anayetoa hesabu ya mali ya shirika.

Haifai, hata hivyo, kuyasifu maandishi hayo kupita kiasi. Salim alisafiri akiwa mtumishi, na habari yake ilikusanywa na mtaalamu aliyetumikia serikali iliyotutawala. Kayamba naye aliona Uingereza aliyoonyeshwa. Hapana habari isiyo na mlango ilioingilia. Kazi ya mhakiki ni kuujua mlango huo, wala si kuibomoa nyumba kwa sababu ina mlango mmoja.

Kwa Usambara hasa, kitabu kikubwa ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichochapwa kwa sehemu na misheni ya Magila kuanzia 1895, kisha kikatolewa upya kwa Kiswahili mwaka 1962. Watu wamekisoma kama tarehe ya wafalme. Mimi napenda wanafunzi wakisome pia kama kitabu cha njia. Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, hupita katika milima hii kituo kwa kituo. Hufika Bumbuli kabla ya kuitwa Vugha. Na kila kituo kina mapatano yake. Yeye huwaua nguruwe waharibuo mashamba na kugawa nyama. Wenyeji humpa vyakula vya mashambani. Mgeni anatoa, mwenyeji anatoa, na katika kutoa huko nchi yajulikana. Ufalme mzima umejengwa juu ya adabu ya mgeni. Lakini kitabu hiki nacho kina kasoro yake: mwandishi aliishi karibu na Semboja huko Mazinde, na masikio yake yalikuwa barazani kwa watawala. Mwanamke aliyepalilia maharage, mzee aliyeongoza maji ya mfereji mpaka shambani kwake, hao hupita nyuma ya masimulizi kama vivuli. Kwa hiyo hata ratiba itakayotungwa kwa kufuata kitabu chetu bora itapungukiwa, isipokuwa mtungaji ajaze pale palipoachwa.

Basi na tujaribu kutunga. Nimechagua Mponde kwa sababu matangazo hayaitaji. Ni kata katika Halmashauri ya Bumbuli, Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga. Mtu atokaye Dar es Salaam au Moshi hushuka Mombo, penye joto la nyika, akapanda kwa barabara ya kona nyingi mpaka Soni, penye maporomoko. Hapo njia hugawanyika. Wageni karibu wote hushika ile ya Lushoto. Ratiba yetu hushika njia ielekeayo upande wa Bumbuli, na kwa tendo hilo moja imekwisha kuwa na maoni.

Wakati gani? Matangazo husema wakati wowote. Mtungaji mwaminifu atasema kwamba masika, kuanzia Machi mpaka Mei, njia za udongo huteleza, na mgeni wa siku mbili aweza kuzitumia zote mbili kulisukuma gari. Na kwamba Juni mpaka Agosti baridi ni kali, aje na sweta. Maneno haya ni ya kawaida, lakini yana adabu, kwa maana yanamfikiria msomaji kama mtu mwenye miguu na ngozi.

Siku ya kwanza na iwe ya chai. Mponde ni nchi ya wakulima wadogo wa chai, na mgeni aliyekunywa chai maisha yake yote bila ya kuona mchai anapaswa kusimama shambani asubuhi, wakati wa kuchuma. Huchumwa majani mawili na chipukizi. Kikapu kikijaa hakiwezi kungoja. Jani lililochumwa lazima lifike kiwandani siku ile ile, linyaushwe, lisagwe, liachwe ligeuke rangi, kisha likaushwe, ama sivyo huharibika. Neno lenyewe, chai, lilitoka Uchina likapita Uajemi na Uhindi mpaka kwetu, na ratiba yafaa ilitaje jambo hilo, ili mgeni ajue kwamba kijiji kisichojulikana kimeunganishwa na dunia kwa neno analolitamka kila asubuhi.

Hapo ndipo panapoonekana tofauti ya ratiba yenye macho na ile isiyo nayo. Kwa kuwa jani haliwezi kungoja, kiwanda si jengo la pembeni. Ndicho moyo wa mahali. Kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 kwa mgogoro baina ya wakulima na walioendesha kiwanda, kikarejeshwa mikononi mwa serikali mwaka 2016, na baadaye mifuko miwili ya umma ilitwikwa kazi ya kukifufua. Mchai usiochumwa haubaki kichaka kizuri cha kufika kiunoni; hukua juu, ukawa mti, na shamba likawa gugu. Mpita njia aliyepita mashamba ya namna hiyo na kuandika kwamba ameona zulia la kijani atakuwa ameandika juu ya zulia wakati wenye shamba wanahesabu hasara. Kijani kile kile chaweza kuwa neema au msiba, na jicho peke yake haliwezi kupambanua; yapasa kuuliza. Ratiba nzuri, kwa hiyo, huweka saa ya kuuliza kama inavyoweka saa ya kula. Iandike wazi: jioni, kuzungumza na mkulima wa chai, kwa ridhaa yake, juu ya bei ya kilo ya majani, juu ya miaka ile ya kufungwa, na juu ya kile alichopanda mahali pa chai.

Siku ya pili na iwe ya Vugha na Soni. Kata ya Vuga i katika halmashauri ile ile. Mgeni aende akijua kwamba hapo palikuwa na mji wa wafalme ambao msafiri kutoka Ulaya aliufikia kwa siku nyingi za miguu. Na asitazamie magofu ya mawe, maana mji wa miti na majani huacha alama zake katika majina na katika vinywa vya watu zaidi kuliko katika ardhi. Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya ziada. Kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Kilutheri katika Vuga kilitoa vitabu vingi vya Kiswahili, vikibeba jina la Soni katika kurasa zake za mwanzo. Wengi wetu tumeshika vitabu hivyo katika maktaba bila ya kujiuliza Soni ni wapi. Kufika hapo ni kuisoma ile kurasa ya mwanzo ambayo sote huiruka. Akibakiwa na siku, basi uko msitu wa Mazumbai, chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambao ni masalio ya misitu iliyoifunika milima hii kabla ya shoka. Lakini asiuingie bila ya idhini na bila ya mtu wa kumwongoza.

Ratiba hiyo ni fupi, na gharama yake si kubwa. Haikuongeza siku hata moja juu ya zile za matangazo. Imeongeza maswali tu.

Yako mapingamizi mawili ambayo siwezi kuyapuuza. La kwanza ni kwamba mtu aliyechoka kazini aenda milimani kupumzika, na si haki kumtwika madaftari. Nakubali kwamba mapumziko ni haki. Lakini desturi yetu ina methali juu ya mgeni wa siku mbili, kwamba ya tatu apewe jembe. Maana yake si ukali. Maana yake ni kwamba siku mbili za kwanza mgeni amesamehewa kazi, na msamaha ni zawadi, na apokeaye zawadi ana deni. Msafiri wa siku mbili huondoka kabla ya jembe kumfikia. Hula, hulala, huaga. Deni lake analipa kwa nini, kama si kwa kutazama vizuri na kusimulia kwa haki?

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Husemwa kwamba mahali pasipojulikana paachwe pasijulikane, kwa kuwa wageni wakija wengi huharibu njia, hupandisha bei, na kuwageuza wenyeji kuwa watu wa kupigwa picha. Hofu hii ina ukweli ndani yake. Lakini tuulize ni nani afaidikaye na kutojulikana. Kiwanda kikifungwa mahali ambapo hapana aendaye wala aandikaye, kilio chake husikika mbali kwa sauti ndogo sana. Kijiji hakichagui baina ya kuandikwa na kusahauliwa kwa raha. Huchagua, kama kikipata kuchagua, baina ya kuandikwa vibaya na kuandikwa vizuri. Uhakiki ukinyamaza, kazi hiyo imeachiwa matangazo.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hii hii, katika Kusadikika aliwatuma wajumbe sita pande zote za ulimwengu, nao waliporejea na habari za kufaa nchi yao walitupwa kifungoni. Hadithi ile husomwa kama lawama juu ya watawala, na ndivyo ilivyo. Lakini ina funzo kwa msafiri pia: safari haikwishi mtu anapofika alikokwenda, wala anapoifurahia, hukwisha anaposimama mbele ya watu wake na kusema alichokiona. Wajumbe wale walikuwa na la kusema kwa sababu waliondoka wakijua wanatafuta nini. Leo hapana kifungo kimngojacho mwanafunzi arudiye kutoka Usambara. Hatari yake ni nyingine: kurudi na picha mia mbili na asiwe na la kusema.

Nawashauri wanafunzi, kwa hiyo, kwamba kabla ya likizo ijayo kila mmoja achague mahali asipopajua, si lazima mbali, akatunge ratiba ya siku mbili kwa ukurasa mmoja, na tuihakiki darasani kama tuhakikivyo utenzi: kila neno lina kazi gani, nani ametajwa, nani ameachwa, swali gani limepewa saa yake. Ile itakayokuwa na jina la mwenyeji, kazi ya mwenyeji na swali kwa mwenyeji, hiyo ipewe nauli.